Mkono Unaopiga Kelele, Mguu Ulionyamaza

Mkono ukiuma, nyumba nzima inajua. Asubuhi mwenyewe anashindwa kufunga vifungo vya gauni mgongoni, mchana anamwita mjukuu amkunie nazi, usiku akigeuka kitandani anamtaja mama yake aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Jirani huleta mafuta ya mkarafuu, shemeji huleta majani, mtoto aliyeko Dar hutuma hela ya dawa kwa simu. Mkono unapata watu. Mguu ukifa ganzi haumwiti mtu. Mwenyewe hugundua siku anapofika sebuleni na kuona ana kandambili moja tu mguuni, nyingine imemvuka huko kizingitini na hakuwa na habari.

Haya mawili, maumivu ya mkono na ganzi ya mishipa, nimeyaona yakikaa ndani ya mwili mmoja tangu nilipokuwa muuguzi kijana mkoani Tanga, na sasa yamehamia kwangu mimi mwenye ugonjwa wa sukari. Bega la kulia limekaza, vidole vinashupaa asubuhi, nyayo zimeanza kukosa habari za sakafu. Basi nisemayo nayasema nikiwa nayo. Na kuna jambo moja, wanangu, ambalo nimelitazama miaka mingi mpaka likanichosha, ingawa halinikasirishi tena: tunaupeleka mkono hospitali kwa sababu unapiga kelele, mguu tunauacha nyumbani kwa sababu umenyamaza, halafu baadaye tunakuja kuulilia mguu.

Kwetu kila linalouma kwenye kiungo lina jina moja: baridi. Bega, baridi. Goti, baridi. Nyayo kuwaka moto usiku, baridi imeshuka miguuni. Mwenye miaka sabini ataambiwa ni uzee, mwenye arobaini ataambiwa alilala na feni. Simlaumu asemaye hivyo, maana mtu akiumwa hutaka jina la karibu, na jina la karibu ndilo linalopatikana barazani bila kulipia. Tabu yake ni kwamba jina moja huzaa dawa moja. Mtu anakwenda duka la dawa, anasema ana baridi, anafungiwa vidonge kwenye karatasi, anavimeza kwa bega na kwa nyayo kwa pamoja. Bega linapata nafuu ya siku mbili. Nyayo hazipati kitu, na mwenyewe anaamini kwamba zimetibiwa.

Hebu tuyatenganishe, maana tabia zao si moja. Maumivu ya kiungo yana mahali pake. Ukikitumia kiungo yanazidi, ukikipumzisha yanapoa. Ukipabonyeza mwenyewe anaruka. Asubuhi kiungo kimekaza, na mpaka chai iishe kimeanza kulegea. Kikichukua saa nzima au zaidi kulegea, tena kimevimba na kina joto, hiyo yaweza kuwa baridi yabisi ya kweli, ugonjwa wenye dawa zake na daktari wake, na usikae nayo nyumbani ukaipaka mafuta. Maumivu ya mishipa ya fahamu ni mengine kabisa. Yanawaka, yanachoma sindano, yanapita ghafla mguuni na kutoweka. Yanapenda usiku, wakati mtu ametulia na hakuna la kumshughulisha. Shuka likigusa vidole linakera. Na pale pale panapowaka, ukipapitisha pamba, mwenyewe hasikii.

Watu huniuliza: panaumaje mahali palipokufa ganzi? Panauma kwa sababu mshipa ulioharibika huleta habari za uongo. Unatangaza moto usiokuwepo, na moto uliopo hauutangazi.

Mishipa hii hutoka kwenye uti wa mgongo, na iliyo mirefu kuliko yote hufika ncha za vidole vya miguu, safari ya karibu mita moja kwa mtu mzima. Sukari ikikaa juu kwenye damu mwaka baada ya mwaka, mshipa hudhoofu kuanzia mwisho wake, sawa na bomba la maji la mtaani: msukumo ukipungua, wa nyumba ya mwisho ndio wanaokosa kwanza, na wa karibu na tangi wanaendelea kufua bila kujua kuna shida. Ndiyo maana ganzi ya sukari huanzia vidole vya miguu yote miwili, ikapanda polepole mpaka karibu na magoti, na hapo ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Karibu nusu ya wenye sukari hupatwa na hali hii katika maisha yao, na wengi wao ganzi huwaingia bila maumivu yoyote.

Mpangilio huo ukumbuke, una kazi kubwa. Ukiona mkono umekufa ganzi na miguu ni mizima, au umekufa mkono mmoja tu, usikimbilie kusema sukari imefika mkononi. Huenda mshipa umebanwa mahali fulani njiani. Ganzi ikiwa kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na ubavu mmoja wa cha pete, tena ikikuamsha usiku ukakaa kitandani unaukung'uta mkono, aghalabu mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Hilo nimeliona sana kwa akina mama wa chapati na mandazi, kwa mafundi cherehani, kwa wajawazito, na kwa wenye sukari kuliko wengine. Kibao kidogo cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala humsaidia mtu akiwahi. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, angalia kiwiko: nani huegemea meza ya duka kutwa, nani hulala na simu sikioni mkono umekunjwa. Na maumivu yakiteremka kutoka shingoni mpaka mkononi kila ukigeuza kichwa, shingo ndiyo ya kuulizwa. Yote haya yana tiba mapema. Ukichelewa, nyama ya chini ya dole gumba husinyaa, na hapo kifungo cha shati kinakuwa kazi ya mtu mwingine.

Bega nalo lina kisa chake. Sukari iliyozidi hujibandika kwenye nyuzi zinazoshikilia viungo na ngozi, ikazifanya ngumu. Ndiyo maana bega kuganda humpata mwenye sukari mara kadhaa zaidi kuliko asiye nayo. Jaribu hili sasa hivi: kutanisha viganja vyako viwili mbele ya kifua, uvibane. Vikiacha uwazi katikati, vidole visilale sawasawa juu ya vingine, viungo vidogo vya mikono yako vimekwisha kuanza kukaza, na jambo hilo ni la kumwambia mganga wako hata kama haliumi.

Bega likiganda huwa na ada zake. Kwanza huuma sana miezi kadhaa, kisha maumivu hupungua na ugumu hubaki, kisha hulegea kidogo kidogo. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na hakuna anayependa kusikia hivyo. Hapo ndipo watu hugawanyika makundi mawili ninayoyafahamu vizuri. Kundi la kwanza hufunga mkono kwa khanga shingoni, wakauweka miezi, na bega linalokaa bila kwenda popote huzidi kushika. Kundi la pili huenda kwa mtu mwenye nguvu, akamlaza mgonjwa chini, akauvuta mkono mpaka jirani wa nyumba ya tatu asikie. Wa kwanza ameogopa maumivu, wa pili ameyachoka. Wote wawili nawaelewa. Linalosaidia ni dogo na halina hamasa: kuinama ukishika meza kwa mkono mzima, mkono mgonjwa ukaning'inia na kuzunguka taratibu, kusimama mbele ya ukuta ukatembeza vidole kwenda juu, leo hapa, kesho juu kidogo. Kila siku. Mtaalamu wa mazoezi tiba akikufundisha mara moja vizuri, yaliyobaki ni yako na ukuta wako. Ipo pia sindano ya begani ambayo hutuliza maumivu ya mwanzoni, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayekuchoma ajue kwamba unayo.

Sasa vidonge. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana figo za watu zimeondoka hapa. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za kweli na zina mahali pake: kiungo kilichovimba, siku chache, kwa mtu mwenye figo nzima, tumbo lisilo na vidonda na presha iliyotulia. Mwenye sukari wa miaka mingi mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Figo zake tayari zinabeba mzigo, na pengine anameza dawa ya presha na ya kukojoa. Ukiongeza diklofenaki juu ya hizo mbili, figo zinaweza kuelemewa. Halafu hainunuliwi ya siku tatu. Inanunuliwa leo, inanunuliwa Ijumaa, inakopwa kwa Mangi wa dukani mwisho wa mwezi, inakuwa sehemu ya bajeti pamoja na mafuta ya taa na sabuni. Na nyayo zinazowaka hazipunguzi hata cheche, kwa sababu dawa hiyo hutuliza uvimbe, na kwenye mshipa uliochoka hakuna uvimbe wa kutulizwa.

Kibaya zaidi ni ile chupa isiyo na jina. Inauzwa stendi, inauzwa mnadani, inaambiwa ni mizizi mitupu. Mtu anakunywa jioni, asubuhi anainua mkono juu, anatangaza mtaa mzima. Mchanganyiko wa aina hiyo umepimwa katika nchi nyingi na kukutwa umetiwa kwa siri dawa za hospitali, hasa jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizo hulainisha viungo upesi sana, ni kweli, na upesi huo huo hupandisha sukari. Na sukari iliyopanda ndiyo inayokula mishipa. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na bei yake umekuja kuilipa miguuni. Ukishaizoea kwa miezi usiiache ghafla pia, mwili huweza kuporomoka. Nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi, useme ukweli. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekucheka.

Kwa mishipa zipo dawa zake: amitriptilini, gabapentini, pregabalini, duloksetini. Ya kwanza ni ya bei ya chini na hupatikana kwa urahisi kuliko nyingine. Hutolewa kwa kipimo kidogo wakati wa kulala, na huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti. Nyingi zimetupwa jalalani nikijua. Mtu anapewa vidonge vyake, anafika nyumbani, binamu aliyesoma anaviangalia na kusema, hizi wanapewa wagonjwa wa akili. Basi. Mama wa watu anakosa usingizi mwaka mwingine kwa sababu ya heshima. Wanangu, dawa hiyo ilianza kwa wenye sonona, kweli, na kwa kipimo kidogo hupunguza kelele za mshipa ulioharibika. Kidonge hakijui umekimeza kwa lipi. Kinakausha mdomo, kinaleta usingizi mzito, na mwenye moyo dhaifu au mzee wa kiume anayekojoa kwa shida lazima amwambie daktari kabla ya kuanza. Dawa hizi hupunguza maumivu, uhai wa mshipa hazirudishi. Mwenye kulijua hilo haziachi kwa hasira wiki ya pili.

Tena si kila ganzi ni ya sukari. Anayemeza metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu mishipa; umaarufu wa sukari huuficha, kumbe tiba yake ni rahisi. Vitamini hiyo imo kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, kwenye mboga haimo, kwa hiyo anayekula mchicha na ugali tu kwa sababu ya hali ya maisha yumo hatarini zaidi. Wanaotumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa vitamini B6 kuilinda mishipa, wasiiache. Wapo walioanza dawa za virusi vya UKIMWI zamani wakati wa stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe. Wengi wao wamebaki na miguu inayowaka mpaka leo. Ipo pombe, na ya kienyeji haina huruma. Na upo ukoma, ambao vijana wanadhani ulikwisha: baka lililopauka lisilosikia mguso lipelekwe kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Dawa zake hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995.

Nilitaka kufika jikoni, maana huko ndiko kiungo kinachouma na mshipa uliokufa wanakopatana kumdhuru mtu.

Sisi wanawake wa pwani tuna fahari ya mikono. Sufuria inaepuliwa bila kitambaa, vitumbua vinageuzwa kwa ncha za vidole, na msichana akishtuka kwa mvuke anaambiwa mikono yake bado haijaiva. Fahari hiyo naipenda na nimelelewa ndani yake. Ila nimewaona watu wazima, wapishi wa harusi, waliokuwa wakisifiwa kwamba moto unawaogopa, na ukiwashika kiganja unakuta malengelenge ya jana na ya juzi ambayo hawana habari nayo. Moto haukuwaogopa. Vidole viliacha kupeleka taarifa, na sifa za ukumbini zikaja kuziba mahali pa uchunguzi. Anayegundua kwamba siku hizi haungui tena, aende akapimwe.

Halafu maji ya moto. Bega linauma, goti linauma, na dawa ya kwanza ya nyumba zetu ni kukanda. Kwa kiungo ni dawa njema, joto hulegeza. Lakini mtu yule yule aliyekaza bega ndiye aliyekufa ganzi miguu, na akishamaliza kukandwa bega anaona karai limebaki na maji, anasema nitie miguu na yenyewe. Anatia. Hasikii kitu. Anaomba yaongezwe moto, maana haya yamepoa. Binti anaongeza, kwa mapenzi, kwa utiifu, na asubuhi ngozi ya unyayo imevuka nzima. Vidonda vya namna hiyo nimevifunga mwaka kwa mwaka, na sikumbuki hata kimoja kilichotokana na ubaya wa mtu. Vyote vilitoka kwa watu waliokuwa wakimhudumia mzee wao. Kwa hiyo bega likandwe, kwa kitambaa, na maji yapimwe na mtu mwenye ngozi inayosikia, mjukuu au jirani. Mwenye ganzi asiyapime kwa mguu wake wala kwa vidole vyake. Miguu iliyokufa ganzi isikandwe kwa moto wa aina yoyote, si karai, si chupa ya maji moto, si kukaa karibu na jiko la mkaa wakati wa kusi.

Kuna jambo la viungo ambalo hata wahudumu wengine huwapita. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alieleza mwaka 1868 viungo vinavyovunjika na kusagika kwa watu waliopoteza fahamu za mishipa; wakati huo ilikuwa kaswende, siku hizi ni sukari zaidi. Mguu unavimba, unapata joto kuliko mwenzake, unakuwa mwekundu au mweusi wa kung'aa, na mwenyewe anaukanyaga kwa sababu hauumi, au unauma kidogo tu. Anaambiwa umeteguka. Anapakwa dawa ya kuchua, anatembea nao sokoni, na mifupa ya katikati ya mguu inasagika ndani polepole mpaka unyayo unabinuka chini. Kiungo cha mwenye ganzi kikivimba ghafla kikawa cha moto, asikikanyage, akae, apelekwe siku hiyo. Hapa ukimya wa maumivu ndio habari yenyewe.

Daktari mwingine, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914 na akawatibu wenye ukoma huko Vellore, ndiye aliyewaonyesha watu kwamba vidole vya wagonjwa wake havikuwa vikioza vyenyewe. Vilikuwa vikiungua, vikikatika, vikiambukizwa, kwa sababu mwenyewe hasikii. Vingine vilipotea usiku, na uchunguzi ulionyesha kwamba ni panya waliokuwa wakivitafuna, mgonjwa amelala fofofo. Wagonjwa wakapewa paka. Msidhani hayo ni ya India ya kale: mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Kwa hiyo chandarua kichomekewe vizuri chini ya godoro, makombo yatolewe chumbani, na miguu iangaliwe asubuhi kabla ya kuvaa chochote.

Kuangalia miguu, ndiyo kazi yenyewe, na haina gharama. Mwenye kuswali ana nafasi nzuri kuliko wote: anaiosha miguu kila anapotawadha, na aliyeosha amekwisha kuinama. Abakie hapo kidogo. Apitishe jicho chini ya unyayo, afungue kati ya vidole, akaushe hapo katikati kwa kitambaa, maana unyevu wa hapo huleta fangasi na fangasi hufungua mlango. Anayekwenda Hija ajue kwamba sakafu yenye jua huko imewaunguza wengi wa aina yetu waliovua viatu bila kusikia. Asiyeweza kuinama kwa sababu ya viungo, au ambaye sukari imemfifisha macho, amwombe mtu amtazamie. Hapo najua mnaanza kusita. Mzee wa kiume haoni vyema kumwonyesha mkwewe nyayo zenye nyufa, na mama hataki mwanawe wa kiume amshike mguu. Basi aombwe mke, aombwe mume, ambaye kwa miaka arobaini amekula chungu kimoja na wewe. Na kama hayupo, kioo kidogo cha sokoni kiwekwe sakafuni.

Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Niliwahi kumwona mtu aliyetembea siku nzima na kipande cha msumari ndani ya kiatu. Kandambili ni za bafuni. Viatu vya barabarani viwe vinavyofunika vidole, laini ndani, visivyobana, na vinunuliwe jioni wakati miguu imejaa. Sugu zisikatwe kwa wembe, wala kwa kisu cha jikoni, wala na yule kijana hodari wa kucha anayepita na ndoo yake.

Kuhusu chakula sijaja kumnyang'anya mtu wali wa nazi. Nimekaa kwenye madawati ya kliniki vya kutosha kujua kwamba mgonjwa hukubali yote mbele ya mshauri, na Jumapili kuna harusi. Pakua kidogo, anza na mboga na samaki, soda iache kabisa kama unaweza kuacha kitu kimoja tu. Ile kazi ya utafiti iliyofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1441 wenye sukari ya kuanzia utotoni au ujanani, matokeo yake yakatoka mwaka 1993, ilionyesha kwamba walioidhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuharibika mishipa kwa asilimia 60. Kwa sisi tulioipata ukubwani faida upande wa mishipa ni ndogo zaidi, lakini ipo, na inapatikana kwa kila mwezi unaoutumia vizuri hata kama kumi iliyopita uliiharibu. Tahadhari moja: aliyekaa na sukari ya juu miaka, akashtuka, akaishusha kwa pupa ndani ya wiki chache, anaweza kupata maumivu makali ya mishipa ambayo hakuwa nayo. Wengi huacha dawa hapo wakisema dawa imewaharibu. Ishushwe kwa hatua, na yakija maumivu hayo, mara nyingi hupungua baada ya miezi.

Siku ya kliniki, basi, usiingie na neno baridi. Sema mambo mawili, moja baada ya jingine: hapa pananiuma nikipageuza, na hapa pamekufa ganzi, palianza lini, usiku pakoje, kushoto na kulia pako sawa au la. Taja kila unachomeza, pamoja na cha stendi. Uliza lini figo zako zilipimwa mwisho. Kisha vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa, weka miguu juu ya kiti, na uombe ichunguzwe kwa kile kijiuzi cha plastiki kinachobonyezwa kwenye unyayo ukiwa umefumba macho. Foleni nyuma yako itanung'unika. Waache wanung'unike, na akiingia wa nyuma yako naye mwambie avue.